Kigoda cha Njia ya Kwihara

Tabora, 9 Machi 1954

Wifi Marcelina,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima. Mvua bado inanyesha, mahindi ya uani yamebeba na ngedere hawajayaona. Kaka yako Raymundi ameondoka juzi na lori la Bwana Ghalibu kwenda Nzega, akaniachia kazi ya kukuandikia, maana kalamu humtoa jasho kuliko usukani. Tumesikia shemeji Tobias amepandishwa cheo hapo reli. Mama amefurahi sana, amesema sasa utanenepa.

Jambo lenyewe ni hili, nawe usishtuke. Miguu ya mama imevimba. Ulianza mguu mmoja wakati wa Krismasi, akasema ni viatu. Akavivua viatu, na wa pili ukavimba. Juma lililopita nikampeleka hospitali. Daktari akabonyeza kwa kidole, pakabaki shimo. Akasema damu imezoea kukaa kama mwenyewe, basi mama atembee, kila siku kidogo, na mara moja kwa juma mwendo wa maana, la sivyo ataishia kitandani.

Unamjua mama na kutembea. Alimtazama daktari toka kichwani mpaka viatuni, akamwambia, "Bwana mdogo, baba yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi na pembe begani mpaka bega likaota sugu. Alitembea akamaliza zamu ya ukoo mzima. Sisi watoto wake tumeachiwa kukaa." Njiani akaniuliza mtu mwenye mwana dereva atembee kwa dhambi gani. Nikamwambia lori liko Nzega. Akasema basi tulisubiri.

Nikawaza, mtu asiyependa kutembea anapenda nini? Anapenda kukaa. Basi asubuhi nikakitwika kichwani kile kigoda chake cha miguu mitatu, nikatoka. Akaita, "We Josepha, unakipeleka wapi?" Nikasema nakwenda kukaa pale kwenye mawe nyuma ya misheni, kuna upepo. Akanifuata ili aokoe kigoda chake! Kufika kule juu akakaa, tukauona mji wote, mabati yanameta, treni ya Mwanza inaingia polepole. Nikatoa karanga. Akazila zote, akarudi kwa miguu yake, kunung'unika kukiwa kwa kiasi.

Tumekwenda tena mara mbili. Nitakupasha habari.

Mimi wifi yako,
Josepha


Dar es Salaam, Gerezani, 28 Machi 1954

Wifi Josepha,

Marahaba, na milele amina. Hapa joto tu, mtoto ameota jino, Tobias anakusalimu. Barua yako ilinikuta napepeta mchele, nikauacha ungo chini, kuku wa jirani yangu Mwanne wakajilia. Huyu Mwanne ni Mzaramo, mtani wangu, kila asubuhi hunisalimu, "Mnyamwezi, mzigo wako umeutua wapi?" Siku hiyo hakunitania, aliona uso wangu.

Ahsante kwa kumpeleka mama yangu hospitali. Ila nieleze kwa nini jambo la Krismasi nimeambiwa Machi. Hata kama niko mbali, mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake.

Na hii habari ya mawe nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mawe yale niliyagundua mimi, nikiwa mtoto wa shule. Nilimwomba mama aje auone mji toka juu. Mwaka mzima nilimwomba, Josepha! Alikuwa akinijibu, "Mji nauona hapa mlangoni." Leo anapanda kwa karanga.

Tena nikuambie kitu. Siku naolewa, naondoka na gari moshi kuja huku, watu wote walinisindikiza stesheni, hata watoto wa majirani. Mama yangu alinisindikiza mpaka mlangoni. Mlangoni, na stesheni ni hapo hapo! Aliniwekea mkono kichwani, akageuka, akaingia ndani. Nililia mpaka Dodoma.

Mimi sina wivu. Nataka tu kujua mkiwa njiani mnazungumza nini.

Marcelina


Tabora, 25 Aprili 1954

Wifi Marcelina,

Shikamoo. Pasaka ilikuwa njema, tulichinja jogoo. Raymundi amekuja na amekwenda, lori lilikwama matopeni kule Ziba, likavutwa na ng'ombe. Umjali mtoto na jino lake, mpe kitu kigumu atafune.

Mama anaendelea vizuri. Shimo la kidole halibaki tena. Nimegundua kuwa kumtembeza mtu asiyependa kutembea ni kazi yenye ufundi wake. Usimtajie unakokwenda hata siku moja. Mwambie "mpaka pale kwenye ule mti", na mkifika uone mti mwingine. Pita kivulini, hata kama ni kuzunguka. Na msirudi kwa njia mliyokwenda, maana akiona kisiki alichokwisha kukiona atadhani umemchezea. Zaidi ya yote, kigoda kisiwe mbali na macho yake. Kikiwa kichwani mwangu mbele, yeye anakuja. Nikikiacha nyumbani, naye amebaki nyumbani.

Alhamisi tulichukua njia ya kuelekea Itetemia, matunda ya porini, ntalali, yameanza kuiva, tukaokota mpaka ndimi zikawa nyeusi. Mama alifurahi, akaanza habari za marehemu babu. Anasema wapagazi wakitoka nyumbani kwenda pwani walilala kwanza Kwihara, mizigo ikagawiwa pale. Kambi ya kwanza ilikuwa karibu namna hiyo makusudi, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua. Anasema kila msafara ulikuwa na kirangozi, anakwenda mbele, wengine wanafuata bila kuuliza. Sasa ananiita hivyo. "Kirangozi wangu, leo wapi?" Nami namjibu, mpaka ule mti tu, mama.

Umeuliza tunazungumza nini. Wifi, ya njiani huachwa njiani.

Josepha


Dar es Salaam, 12 Mei 1954

Josepha,

Salamu. Jino limetoka.

Kirangozi! Mimi binti yake wa kumzaa ameniita majina mengi, na mengi si ya kuandika, lakini hilo hajapata kuniita. Tena naona mwaka jana ulikuwa ukiandika "mama mkwe". Mwaka huu ni "mama" tupu. Nimezitoa barua zote nikazitazama, usidhani sioni.

Na hilo la kuachwa njiani ni jibu gani kwa mtu mzima? Mnamsema nani mpaka mfiche?

Nimekata shauri. Mama yangu aje kwangu. Huku ardhi ni tambarare, hakuna mawe wala matope. Iko bustani ya serikali yenye maua na vivuli, na viti vya chuma kila pembe, mtu anatembea anakaa, anatembea anakaa. Hahitaji mtu wa kumtangulia na kigoda kichwani kama mchuuzi wa vitumbua. Tobias ataomba pasi ya reli, hatalipa kitu.

Msomee barua hii. Yote, usiruke mstari.

Marcelina


Dar es Salaam, 20 Juni 1954

Josepha,

Ni wiki tano sasa. Treni zinakuja, nimemwuliza Tobias, hakuna iliyoanguka. Au umesahau kusoma? Au mko njiani bado, "mpaka ule mti"?

Mwanne ananiambia wivu ni kama pilipili, anayeila ndiye anayetokwa machozi. Nimemwambia arudi kwake.

Nijibu.

Marcelina


Tabora, 11 Julai 1954

Wifi Marcelina,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Raymundi alikuwa na homa, sasa ni mzima, yuko njiani na pamba. Baridi ya huku mwaka huu inauma, asubuhi tunaota moto kama watoto.

Nilimsomea barua yako yote. Nilifika kwenye mchuuzi wa vitumbua nikasoma na hapo, kwa sauti. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniuliza, "Nitalala wapi?" Nikamwambia, kwa Marcelina. Akasema, "Kwa Marcelina ni kwa Tobias. Lini uliona mama mkwe akalala ukuta mmoja na mkwe wake? Nikikohoa asikie? Nikiota ndoto nikasema ovyo?" Wifi, na hilo si langu, ni la wazee. Mama hali mbele ya mkwe wake, hapiti mkwe alipokaa, seuze kulala. Nyumba yenu ni vyumba viwili. Kwa hiyo naona jambo limekwisha.

Na sasa na mimi niseme moja, kwa kuwa umenichokoza mara tatu. Kila mstari unaandika "mama yangu, mama yangu". Mama yangu mimi alikufa kabla sijajua kumwita. Nimelelewa na masista, wema sana, lakini sista ni wa watoto wote. Siku Raymundi aliponileta hapa, mama yako aliniwekea ugali, akanitazama ninavyokula, akasema, "Huyu hajashibishwa." Akaniongeza. Toka siku hiyo ni mama. Kama neno hilo lina mwenyewe, nisamehe, siwezi kulirudisha.

Yeye yuko vizuri. Anafika mbali sasa, na mwezi ujao nina safari nzuri kuliko zote, tutalala huko huko. Nataka kumpeleka Kwihara.

Josepha


Dar es Salaam, 8 Agosti 1954

Josepha,

Salamu kwako na kwa kaka yangu, nashukuru homa imepona.

Nimesoma habari ya ugali. Sikuijua. Sitasema zaidi hapo, maana nikisema nitaharibu.

Lakini jambo halijakwisha. Mwanne ana chumba upande wa pili wa ua, mlango wake mwenyewe, ukuta wake mwenyewe, na Tobias hana haja ya kupita huko. Anasema mtani wake alale bure, ila atamtania mpaka aombe kurudi kwao. Mwambie mama yangu hivyo hivyo. Pasi ya reli imetoka.

Na Kwihara usimpeleke. Ni mbali, vumbi, atachoka, atapata kichomi. Ngoja, nitakuja Krismasi nimpeleke mimi. Nasema usimpeleke, Josepha. Mawe yangu umekwisha kuyachukua, niachie hiyo njia moja.

Marcelina


Tabora, 5 Septemba 1954

Wifi yangu Marcelina,

Barua hii haiji kwa posta. Inakuja kifuani mwa mama, ameifunga kwenye ncha ya kanga, na ukiwa unaisoma bila shaka yeye amekaa mbele yako anakutazama.

Barua yako ya kunikataza Kwihara ilifika nimekwisha kurudi. Ingefika mapema ningekwenda tu, bora niseme ukweli. Nilitaka matembezi ya kuishinda bustani yako na viti vyake. Nilitaka mama arudi nyumbani aseme, Dar es Salaam ya nini?

Tukatoka alfajiri, kigoda kichwani, mama nyuma yangu. Tukaenda kwa njia ile ya zamani ya misafara, imekuwa nyembamba, majani yameiingia, lakini bado ni njia. Alikaa mara nyingi. Kila akikaa nilimpa kitu, muhogo, asali kwenye jani, maji ya kibuyu. Kupita yale mawe makubwa yaliyobebana, pori lilikuwa limepukutisha majani, unaona mbali, na yale machipukizi mekundu ya miti ndiyo kwanza yanatoka. Alisimama mwenyewe. Bila kigoda, wifi, alisimama akatazama. Akasema, "Baba aliyaona haya, hakutuambia." Jua halijawa kali tukafika kwa Bibi Masika, yule shoga yake wa utotoni, tembe lake liko karibu na lile ambalo Wazungu huenda kupiga picha. Walicheka siku nzima wale wawili. Tukalala.

Asubuhi mama akaomba unga wa mtama, akautia maji, akajipaka kwenye paji la uso, akageukia jua linakotoka. Bibi Masika akapiga vigelegele. Nami mjinga nikapiga! Nilidhani ni mchezo wa wazee. Nikaanza kukunja mkeka, nikasema, haya mama, turudi, leo tutapita njia nyingine.

Akasema, "Rudi wewe, mwanangu. Mimi nimekwisha kuondoka."

"Umeondoka kwenda wapi?"

"Pwani. Kwa Marcelina. Pa kulala atanitafutia."

Masista walinifundisha kufuma vitambaa, hawakunifundisha miiko ya wapagazi. Nilikuwa najua ule upande mmoja tu, wa aliyesahau kitu. Kumbe upo wa pili. Mtu akishalala kambi ya kwanza amehesabiwa ameondoka, na ule unga ni wa kuombea safari. Akisahau kitu atakichukua mlangoni, lakini nyumba aliyotoka halali tena mpaka aione pwani arudi, akilala ameiletea mkosi. Basi mimi, kwa akili yangu yote ya ntalali na asali, mimi niliyetaka abaki, ndiye niliyemwondoa nyumbani kwa miguu yake na kumlaza kambini. Kirangozi kweli!

Nililia, sikuficha. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia, ungenitembeza?" Amebaki kwa Bibi Masika toka siku hiyo, nami nimerudi na kigoda peke yangu. Njia ile ile niliyokwendea, visiki vile vile.

Uliuliza tunazungumza nini. Nilikunyima makusudi. Wewe, wifi. Toka Machi ni wewe tu. Huu mti Marcelina alianguka akavunjika jino, hapa Marcelina alikuwa akificha viatu asivivae, hizi ntalali Marcelina alikula akaharisha. Kila mti na Marcelina wake. Mimi nakwenda mbele, shingo inauma, nimebeba kiti chake, nasikiliza mtoto mwingine akisifiwa. Nilikuonea wivu, na bado nakuonea.

Na ile siku ya mlangoni nilimwuliza. Akasema, "Ningefika stesheni ningepanda."

Basi sasa anakuja.

Josepha

Naongeza hapa hapa stesheni, kwa penseli ya karani. Raymundi alikwenda Kwihara kumchukua na lori. Amelikataa! Lori la mwanawe! Ametembea toka Kwihara mpaka kwenye behewa, anakaa kwenye mawe na magogo, akapita mbele ya nyumba yetu bila kugeuza shingo. Amesema, "Marcelina nilimwacha mlangoni. Nitakwendaje kwake kwa kubebwa?"


Dar es Salaam, 17 Oktoba 1954

Wifi yangu Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto anasimama sasa, Tobias hajambo, ila anapita kwa kunyata kwenye ua wake mwenyewe asije akakutana na mkwe. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nafurahi. Sasa nimemaliza kufurahi, naweza kuandika.

Alishuka ule uso una vumbi la nchi nzima. Nilikuwa nimekodi teksi. Akaitazama, akaniuliza nyumbani ni wapi, nikaonyesha kwa kidole, akaanza kutembea. Watu wa Gerezani walitoka milangoni kuona Mnyamwezi mzee anakuja na mwanawe anamfuata nyuma na teksi. Mwanne akapaza sauti, "Karibu mpagazi, mmechelewa, pembe tumekwisha kuuza!" Na mama bila kusita, "Tuliwaachia muuze ninyi, sisi tulikuwa tunazibeba!" Hapo wakapendana. Sasa jioni wanacheka huko upande wa pili wa ua na mimi nasikia nikiwa jikoni. Ndiyo, na hilo linaniuma. Nimezaliwa hivi.

Nikampeleka bustanini. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo toka Mei. Nilivaa vizuri. Kuna maua mekundu kama moto, kuna kivuli, kuna vile viti. Nikamwambia, mama, kaa. Akakizunguka kiti, akakigusa, akasema, "Kimefungwa chini. Kiti kisichotembea na mimi nitakikaliaje? Nikiinuka kitabaki." Akakataa kukaa, akachoka, tukarudi. Siku ya pili nikamwambia tunakwenda mpaka kwenye ile chemchemi halafu kwenye geti la kule mwisho. Akasema ni mbali. Nikakumbuka baadaye, hutaji mwisho wa safari. Siku ya tatu nikampitisha juani. "Josepha angepita huku." Nikamrudisha kwa njia ile ile. "Josepha hanirudishi kwenye kisiki." Nikampa machungwa. "Josepha huyamenya kabisa." Wifi, nimengoja miaka mama atembee na mimi, ametembea, na kila kiti na Josepha wake! Nilisimama katikati ya maua ya serikali nikacheka peke yangu, machozi yananitoka. Nikaielewa ile shingo yako.

Kisha amegoma. Wiki mbili hatoki uani. Jana nilibonyeza mguu wake kwa kidole, pakabaki shimo dogo. Nimeogopa, Josepha.

Nikapiga magoti nikamwambia, mama, nifanye nini utembee? Akasema nikuandikie, na niandike alivyosema. Anasema amesahau kitu kambi ya kwanza. Nikasema, kigoda? Tutamwambia Raymundi akitie kwenye treni. Akasema, "Kigoda, na kichwa kilichokuwa kinakibeba. Kimoja bila kingine hakina kazi."

Mwanzo niliingia ndani nikanuna. Sikupika. Nimekaa nikajiuliza, hivi ninataka mama atembee, au ninataka atembee na mimi? Jibu lilinitia haya, nikatoka nikachukua karatasi.

Pasi ya reli imo humu ndani, Tobias ameiomba kwa jina lako, mtu wa nyumbani. Raymundi atajua mwenyewe chakula kinapikwaje. Chumba cha Mwanne kina nafasi ya mkeka wa pili. Njoo kabla mvua hazijaanza, nawe uje na kigoda kichwani toka stesheni mpaka hapa, akuone ukiingia.

Nimekwisha kupanga tutakavyokwenda. Wewe utakuwa mbele, maana kirangozi ni wewe, nimekubali. Mama atakufuata. Kigoda nipe mimi, ila nikibebee pale anapoweza kukiona. Nitakuwa hapo pembeni yako, nimekitwika, kama mchuuzi wa vitumbua.

Dada yako,
Marcelina